Ordinatere ikikwama, usikimbilie kuformata: pointi ya kurudisha ambayo wengi hawajui kama wanayo

Katika miji ya mashariki mwa DRC, ordinatere ikikataa kuwaka, shauri la kwanza mara nyingi ni moja: kuformata. Mashini inarudi nyumbani ikiwa safi, lakini bila programu zake, na mara nyingine bila kazi ya miaka miwili. Hata hivyo, ndani ya Windows kuna chombo kinachoweza kuirudisha mashini kwenye hali yake ya jana bila kugusa picha wala maandishi ya mwenyewe. Sharti lake ni moja: kiwe kimewashwa kabla ya shida kufika.

Mfano ufuatao unajulikana na familia nyingi za Bukavu, Goma, Butembo au Bunia. Nyumbani kuna ordinatere moja, iliyonunuliwa mkono wa pili. Asubuhi mama anaandika humo hesabu za duka lake. Jioni watoto wanatazama filamu. Usiku, umeme ukirudi, binti mkubwa anaandika TFC, ile kazi ya kumaliza masomo ambayo bila hiyo hapati diploma. Alhamisi moja anaunganisha imprimante aliyoazima kwa jirani na kuweka piloti yake, yaani programu ndogo inayowezesha mashini na imprimante kuelewana. Mashini inaomba izimwe na kuwashwa tena. Inawaka, inaonyesha kioo cha buluu, inajizima, inaanza tena. Inaendelea hivyo hadi usiku wa manane.

Ijumaa asubuhi binti yuko mbele ya fundi.

— Dada, hii tunaformata tu.

— Na TFC yangu, yaya?

— Uliiweka kwenye flashi?

Mara nyingi jibu ni hapana, au ni ndiyo, lakini ya miezi mitatu iliyopita.

Kinachouma zaidi ni kwamba katika hali kama hiyo hakuna kitu kilichovunjika. Diski ni nzima. TFC bado iko ndani, na picha za harusi ya shangazi ziko ndani pia. Kilichoharibika ni sehemu ndogo ya mfumo, kwa sababu ya piloti moja ambayo haikupatana na mashini. Kuformata kunamaliza shida hiyo, lakini ni kama kubomoa nyumba nzima kwa sababu kitasa cha mlango kimekwama.

Dunia nzima iliona jambo la namna hiyo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa ordinatere CrowdStrike ilituma sasisho moja lenye kosa, na mashini zenye Windows zikaanza kuonyesha kioo cha buluu katika viwanja vya ndege, mabenki na hospitali. Microsoft ilihesabu mashini milioni 8,5 zilizoguswa. Dawa yake haikuwa kuformata. Ilitosha kuiwasha mashini katika hali ya usalama na kufuta faili moja lililoleta shida. Mamilioni ya mashini zilionekana zimekufa, kumbe zilikuwa zimekwama tu.

Pointi ya kurudisha ni kitu gani?

Chombo chenyewe si kipya. Microsoft ilikileta mwaka 2000 katika Windows Me, ikakiendeleza katika Windows XP mwaka 2001, na kiko hadi leo katika Windows 10 na Windows 11. Kwa kuwa ordinatere nyingi nchini zinatumia Kifaransa, kwenye kioo kinaitwa «Restauration du système», na kila hali iliyowekwa akiba inaitwa «point de restauration», yaani pointi ya kurudisha.

Mwenye duka mwangalifu anaelewa jambo hili haraka. Kabla ya kupokea mzigo mpya, anahesabu mali iliyo kwenye rafu na kuandika katika daftari. Mzigo ukileta vurugu, daftari linamwambia kila kitu kilikuwa wapi. Windows nayo inafanya hivyo: kwa saa na dakika fulani inaweka kumbukumbu ya mafaili ya mfumo, ya piloti, ya programu zilizowekwa, na ya «registre», daftari kubwa ambamo mashini inaandika mipangilio yake yote. Mambo yakiharibika, inarudi kwenye kumbukumbu hiyo.

Mara nyingine Windows inaunda pointi yenyewe, kwa mfano kabla ya kuweka piloti mpya, kabla ya masasisho yake, au kabla ya kuweka programu fulani. Lakini si kila programu inayoiamsha kufanya hivyo, na inafanya hivyo tu kama ulinzi umewashwa. Hapo ndipo wengi wanakwama. Kwenye mashini nyingi za Windows 10 na 11 ulinzi huo unakutwa umezimwa tangu siku ya kwanza, na mwenye mashini hajaambiwa na mtu. Anakuja kuujua siku anapouhitaji, na siku hiyo orodha ya pointi ni tupu.

Haigusi maandishi, wala haiyaokoi

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, kuna jambo moja la kuelewa vizuri, kwa sababu kosa hapa linaweza kugharimu sana.

Kurudisha mfumo hakugusi mafaili ya mwenyewe: maandishi ya Word, mahesabu ya Excel, picha, nyimbo, filamu. Mtu aliyeandika kurasa kumi za TFC Jumatano, kisha Ijumaa akairudisha mashini kwenye pointi ya Jumatatu, kurasa zake kumi zitakuwa pale pale. Hii ndiyo tofauti kubwa na kuformata.

Lakini upande wa pili wa jambo ni huu: chombo hiki hakikutengenezwa kwa kuokoa maandishi. Aliyefuta TFC yake kwa bahati mbaya asitegemee kuipata kwa njia ya pointi ya kurudisha. Diski ikiungua, pointi zote zinaungua nayo, maana zinakaa ndani ya diski hiyo hiyo, katika dosie iliyofichwa inayoitwa «System Volume Information». Na ordinatere ikiibwa, inaondoka pamoja na pointi zake.

Kitu kinachobadilika baada ya kurudisha ni programu. Programu iliyowekwa baada ya tarehe ya pointi itaondoka, na ile iliyoondolewa baada ya tarehe hiyo inaweza kurudi. Mwanafunzi aliyeweka SPSS Jumanne kwa ajili ya takwimu zake, akirudi kwenye pointi ya Jumatatu, atalazimika kuiweka tena. Lakini faili lenye takwimu zake halitapotea.

Kuwasha ulinzi na kuunda pointi

Kazi hii haihitaji intaneti, haili mega, na haihitaji kumlipa mtu. Inahitaji dakika chache na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, ile ambayo Windows inaiita «administrateur». Kwenye mashini ya nyumbani, kwa kawaida ni akaunti ya kwanza iliyofunguliwa.

Mtumiaji anafungua menyu ya «Démarrer» na kuandika maneno «point de restauration». Windows inamletea jibu «Créer un point de restauration». Akilifinya, linafunguka dirisha dogo la «Propriétés système» kwenye ukurasa wa «Protection du système». Humo anaona orodha ya diski zake, na mbele ya kila diski kumeandikwa kama ulinzi umewashwa au umezimwa. Diski ya kuangalia kwanza ni C, yenye Windows ndani yake.

Kama ulinzi umezimwa, anachagua diski hiyo, anafinya «Configurer», kisha «Activer la protection du système». Chini yake kuna mstari wa kusogeza unaoitwa «Utilisation maximale»: ni nafasi ambayo pointi zinaruhusiwa kuchukua kwenye diski. Asilimia 5 inatosha kwa kuanza. Kwenye diski ya giga 256 hiyo ni karibu giga 13, na kwenye diski ya giga 128 ni zaidi kidogo ya giga 6. Nafasi hiyo ikijaa, Windows inafuta pointi za zamani kwanza ili kupokea mpya. Anayetoa nafasi ndogo sana atajikuta na pointi moja tu, na pengine si ile aliyoitaka.

Akishamaliza, anarudi kwenye dirisha la kwanza na kufinya «Créer». Windows inaomba jina. Haina haja ya kuandika tarehe, kwa sababu Windows inaiweka yenyewe pamoja na saa. Kinachofaa ni kuandika sababu: «kabla ya imprimante», «kabla ya antivirusi mpya», «mashini iko sawa, TFC sura ya pili». Jina kama «test» au «aaa» halitamsaidia mtu yeyote siku ya shida, hasa kama siku hiyo mashini iko mikononi mwa fundi asiyejua historia yake.

Kuna pia njia fupi kwa waliozoea kuandika amri. Ndani ya Windows PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, amri Checkpoint-Computer inaunda pointi, na amri Get-ComputerRestorePoint inaonyesha zile zilizopo. Ya kwanza ina mpaka: kwa kawaida haikubali kuunda pointi zaidi ya moja ndani ya saa 24.

Ni wakati gani wa kuunda pointi? Ni pale mashini ikiwa na afya na inakaribia kuguswa: kabla ya kuweka piloti, kabla ya kuweka programu iliyotoka kwenye flashi ya rafiki, kabla ya kubadilisha antivirusi, kabla ya kuikabidhi kwa mtu mwingine. Pointi iliyoundwa wakati mashini imeshaanza kuumwa inahifadhi ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Kuzipata, kisha kurudi nyuma

Mtu anayetaka kujua kama mashini yake ina pointi yoyote anafinya pamoja kitufe cha Windows na herufi R, anaandika rstrui, kisha Enter. Dirisha la «Restauration du système» linafunguka na, baada ya kufinya «Suivant», orodha inatokea: tarehe na saa, maelezo, na aina ya pointi. Mara nyingi dirisha linaonyesha zile za karibuni tu. Kuna kisanduku kidogo cha «Afficher d'autres points de restauration», na kukitia alama kunatoa zile za zamani zaidi. Wengi wanasema «hakuna pointi» kumbe hawajaona kisanduku hicho.

Kabla ya kukubali, kuna kitufe cha kutopita bila kukitumia: «Rechercher les programmes concernés». Kinaonyesha orodha mbili, programu zitakazoondoka na zile zinazoweza kurudi. Hapo mtu anajua mapema kwamba atalazimika kutafuta tena, kwa mfano, programu ya hesabu za duka. Kama programu hiyo ilipakuliwa kwa mega nyingi, ni vizuri kujua hilo kabla, si baada.

Akishakubali, mashini inazimika na kuwaka yenyewe. Kazi inaweza kuchukua robo saa, na kwenye mashini nzito yenye diski ya zamani inaweza kupita nusu saa. Wakati huo haiguswi wala haizimwi. Mwishoni inatoa ujumbe wa kusema kama imefaulu au la. Ikishindwa, kwa kawaida ujumbe unaeleza kwamba mfumo haukubadilishwa, na mtu anaweza kujaribu pointi nyingine. Mara nyingine kinachozuia ni antivirusi, na kurudia kazi hiyo katika hali ya usalama, «mode sans échec», kunasaidia.

Na kama baada ya kurudi mambo yamekuwa mabaya zaidi? Windows inaacha mlango wazi. Kabla ya kurudisha, inaunda pointi nyingine ya hali iliyokuwepo, na akifungua tena chombo hicho, mtumiaji anaona uwezekano wa kutangua alichofanya. Mlango huo haupo kwa aliyeirudisha mashini akiwa katika hali ya usalama au kutoka menyu ya uokoaji.

Mashini ikikataa kuwaka kabisa

Hiyo ndiyo hali ya binti mwenye TFC, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Kwa kuwa Windows haifunguki, wanadhani pointi nazo hazifikiki. Zinafikika.

Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida inajileta yenyewe kwenye kioo cha uokoaji. Kutoka pale njia ni hii: «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Restauration du système». Mashini inaweza kuomba neno la siri la akaunti ya msimamizi, halafu inaonyesha orodha ile ile ya pointi. Kwa mashini ambayo bado inafika kwenye kioo cha kuingia, mtu anaweza kushikilia kitufe cha Maj, akachagua «Redémarrer» bila kukiachilia, naye atafika mahali hapo hapo.

Kuna kikwazo kimoja kipya cha kujua. Kwenye mashini za kisasa, hasa zile zilizofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, na menyu ya uokoaji itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashini. Aliyenunua mashini mkono wa pili huku akaunti bado ni ya mwenyewe wa zamani yuko kwenye hatari ya kufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe. Ni jambo la kuangalia siku ya kununua, siyo siku ya kioo cha buluu.

Kama hakuna pointi hata moja, bado kuformata si hatua inayofuata. Menyu hiyo hiyo inaruhusu kuondoa sasisho la mwisho. Ina pia «Réinitialiser ce PC», ambayo inaweka Windows upya na inauliza kama mtu anataka kubakiza mafaili yake: jibu ni «Conserver mes fichiers». Programu zinaondoka, lakini maandishi yanabaki. Na fundi mwenye ujuzi anaweza pia kuiwasha mashini kwa mfumo mwingine ulio kwenye flashi, akanakili mafaili ya mteja, kabla ya kugusa chochote. Kuformata ni ngazi ya mwisho, na mteja ana haki ya kuuliza kama zile za kwanza zimejaribiwa.

Umeme, radi na virusi

Ushauri uliozoeleka kuhusu chombo hiki unachukulia kwamba umeme upo wakati wote. Mashariki mwa DRC mambo ni tofauti. Umeme ukikatika katikati ya kurudisha mfumo, mashini inaweza kubaki nusu njia na kuharibika kuliko mwanzo. Kwa hiyo ordinatere ya kubeba inaanza kazi hiyo batri ikiwa imejaa na waya wa umeme ukiwa umechomekwa. Ile ya mezani inahitaji ondulere, na kama haipo, ni heri kungoja saa ambazo umeme wa kata hauna mazoea ya kukatika.

Radi nayo ina sura yake. Uchunguzi wa wanasayansi uliotangazwa mwaka 2016, uliotumia takwimu za setilaiti ya TRMM, uliweka eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya radi 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Radi ikipita katika waya na kuunguza diski, pointi za kurudisha hazina msaada wowote. Mvua ikianza kunguruma, dawa ni kuchomoa waya.

Virusi ni adui mwingine. Kurudisha mfumo si antivirusi. Kunaweza kuondoa programu mbaya iliyoingia jana, lakini faili lenye virusi lililo kati ya maandishi ya mwenyewe au kwenye flashi litabaki na kuamka tena. Na virusi vya kisasa vinavyofunga mafaili na kudai pesa vinajua vizuri pointi hizi ziko wapi. WannaCry, iliyozunguka dunia mwezi Mei 2017, ilikuwa na amri ya kufuta akiba hizo za Windows, ili mwenye mashini asibaki na njia ya kurudi.

Pointi zinaweza pia kupotea bila adui yeyote. Anayezima ulinzi wa diski, hata kwa dakika moja, anafuta pointi zote za diski hiyo. Kuhamia toleo jipya la Windows nako kunaondoa za zamani. Na katika Windows 11 toleo la 24H2, tangu masasisho ya Juni 2025, pointi inatunzwa hadi siku 60 tu. Pointi iliyoundwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo haitakuwepo wakati wa kutetea TFC. Inabidi kuunda nyingine.

Wenye Windows 10 wana swali lao. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa toleo hilo uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za mkono wa pili bado zinalitumia. Chombo cha kurudisha mfumo kinaendelea kufanya kazi humo, lakini mashini isiyopokea masasisho ya usalama iko wazi zaidi kwa virusi. Hiyo ni sababu ya kuongeza uangalifu.

Flashi haina mbadala

Yote haya yanarudi kwenye swali la fundi: «Uliiweka kwenye flashi?» Pointi ya kurudisha inalinda mashini. Maandishi yanalindwa na nakala, na nakala iliyo kwenye diski ile ile haihesabiki.

Kanuni inayotumiwa na watu wa kazi hiyo ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na nyumba. Kwa mwanafunzi, hiyo ni TFC iliyo kwenye ordinatere, nyingine kwenye flashi isiyotumika kubebea filamu, na ya tatu aliyojitumia mwenyewe kwa barua pepe. Faili la Word la kurasa sitini lisilo na picha nyingi ni dogo, na kulituma mara moja kwa wiki hakumalizi mega. Anayependa anaweza kuliweka katika Google Drive, inayotoa giga 15 bure, au OneDrive, inayotoa giga 5. Kwa mama wa duka, ni daftari la Excel kwenye flashi inayolala kwa dada yake, si katika droo ile ile ya ordinatere.

Kwa binti wa mfano huu, kama ulinzi ungekuwa umewashwa, Alhamisi ingekuwa na mwisho mwingine. Windows ingeweza kuweka pointi kabla ya piloti ya imprimante, au angeiunda mwenyewe na kuiita «kabla ya imprimante». Kwenye kioo cha uokoaji angefuata zile hatua tatu, akachagua pointi ya saa moja jioni, akangoja. Piloti ingeondoka, na TFC ingebaki na sentensi yake ya mwisho.

Imprimante isingefanya kazi, ni kweli. Asubuhi angeenda na flashi yake kwenye sekretariati ya jirani na kulipia kurasa zake kama kila mtu.